Kempavani ya Petroli Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kutunza Injini na Giaboksi

Kempavani nyingi unazoziona Naivasha wikendi hazikuzaliwa kempavani. Zilikuwa vani za mizigo Japani, zikashushwa Mombasa, zikauzwa kwenye yadi za Ngong Road au Kiambu Road, kisha seremala na fundi wa kuchomelea wakazitia kitanda, jiko, tangi la maji na paneli za sola. Injini ni ile ile na giaboksi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa zinabeba kilo mia kadhaa ambazo hazishuki kamwe, hata gari likienda dukani kununua mkate.

Wanaotaka kununua huuliza kama petroli inadumu. Inadumu sana. Injini za petroli za Toyota na Nissan zinazotumika kwenye vani hizi haziuawi na kilomita, zinauawa na joto. Na joto lenyewe huletwa na uzito, mlima na rejeta iliyosahaulika. Giaboksi otomatiki ndiyo hutangulia, injini hufuata. Ukiielewa njia hiyo ya kifo, kazi yote iliyobaki ni kuiziba.

Nairobi inakula nguvu kabla hujaondoka

Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Maana yake injini iliyoandikiwa farasi 160 Japani inakupa kama 130 hapa Kasarani, na inazidi kupungua ukivuka Limuru. Dizeli yenye tabo haiumii kiasi hicho kwa sababu tabo inaisukumia hewa. Ndiyo maana jirani mwenye vani ya dizeli anakupita kwenye mlima huku akikushangaa.

Kitu kimoja kizuri: hewa hiyo hiyo nyepesi hupunguza injini kugonga kutokana na petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Usilipie petroli ya bei ya juu kwa ajili ya kuzunguka Nairobi. Kama gari limejaa na unateremka Mombasa, ambako hewa ni nzito na joto ni kali, hapo sikiliza mlio wa kugonga unapokanyaga mafuta ukiwa gia ya juu. Ukiusikia, shusha gia.

Hatua ya kwanza: chagua injini na giaboksi pamoja

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo uwanja wako si mpana. Bongo Friendee ile ya paa la kuinuka, ambayo watu huiona mtandaoni na kuitamani, iliacha kuundwa zamani mno. Utaipata tu kwa mtu aliye nayo hapa tayari.

Toyota HiAce ya petroli huja na injini mbili. 1TR-FE ni ya lita 2.0 na ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 182. 2TR-FE ni ya lita 2.7 na ina torki ya karibu Nm 240. Zote zina cheni ya taimini (inayopanga muda wa vali kufunguka) badala ya mkanda, na zote ni injini za kuaminika. Kwa kempavani, nenda kwa 2.7 bila kusitasita. Ile ya 2.0 haiharibiki upesi ikiwa vani tupu, lakini ukiipakia nyumba utaikanyaga mpaka sakafuni kila kilima, na hapo hata akiba ya petroli uliyoifikiria inayeyuka. Uliza pia mwaka: HiAce za petroli za Japani zilikuwa na otomatiki ya gia 4 mpaka mwishoni mwa 2014, zikapewa ya gia 6. Gia 6 ni bora kwenye mlima kwa sababu pengo kati ya gia moja na nyingine ni dogo, injini haianguki ghafla inapobadilisha.

Nissan NV350 Caravan, iliyotoka 2012, ina lita 2.0 au 2.5 na otomatiki ya gia 5, halafu zile za petroli za kuanzia mwishoni mwa 2021 zina gia 7. Ni gari zuri, na mara nyingi ni nafuu kuliko HiAce ya mwaka huo huo. Tatizo lake Nairobi ni dogo tu: spea za HiAce ziko kila kichochoro cha Kirinyaga Road, za Caravan utazunguka kidogo.

Noah, Voxy na Serena hupendwa na vijana kwa kempa ndogo za kulala wawili. Nyingi zina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kawaida. Mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazobadilika upana. Kwa mtu na mkewe, godoro na jiko la gesi, ni sawa kabisa. Kwa hema la paani, tangi la lita 100, friji, trela na watoto watatu, si sawa. Mkanda ule ukiteleza hata kidogo unajikwaruza, na hakuna fundi wa mtaani atakayekurekebishia ukadumu.

Manyuali? Ukiipata, ichukue. Klachi ikiisha inabadilishwa kwa siku moja, na fundi yeyote kuanzia Gikomba mpaka Marsabit anaijua.

Kuhusu magari makubwa ya Marekani, yale yenye choo na bafu ndani ambayo huonekana mara moja moja kwa wasafiri wanaozunguka Afrika: mengi ya petroli yamejengwa juu ya chesisi ya Ford, kwa miaka mingi yakiwa na V10 ya lita 6.8, na kuanzia modeli za 2020 V8 ya lita 7.3. V10 ni injini inayosifiwa kwa kudumu, ingawa za mwanzo zilijulikana kwa kurusha plagi nje ya hedi kwa sababu nyuzi za kuzishika zilikuwa chache mno, na boliti za manifoldi ya moshi hukatika zikizeeka. Wamarekani wana somo moja ambalo madereva wa hapa wanalihitaji. V10 ikipanda mlima inanguruma kwenye mizunguko 4,000 na zaidi kwa dakika, na hakuna anayetishika, kwa sababu iliundwa hivyo. Sisi tumefunzwa udereva na dizeli, tunaona mizunguko mingi ni dhambi. Chukua ile 2.7 ya HiAce: 2TR-FE hutoa torki yake ya juu kati ya mizunguko 3,800 na 4,000. Ukiing'ang'aniza ipande na mizunguko 1,800 ili "isiumie," ndipo unaiumiza.

Hatua ya pili: kagua kama mtu asiye na haraka

Fika kwa muuzaji asubuhi na umwambie mapema asiwashe gari. Weka mkono juu ya kifuniko cha injini, ambayo kwenye HiAce iko chini ya viti vya mbele. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini, na urudi siku nyingine. Injini baridi haifichi siri. Cheni iliyolegea itapiga kelele sekunde chache za kwanza, na moshi wa bluu utaonekana kwenye ekzosi kabla haujapotea.

Fungua kofia ya rejeta injini ikiwa baridi. Maji yawe na rangi ya kulanti, dawa ya kupozea inayochanganywa na maji: nyekundu, waridi au kijani. Yakiwa ya kahawia kama ya Mto Nairobi, mwenye gari amekuwa akijaza maji ya bomba, na kutu imeshaingia kwenye njia nyembamba za rejeta ambazo huwezi kuziona. Angalia pia upande wa ndani wa kofia ya kujazia oili. Ute mweupe kidogo unaweza kutokana na safari fupi fupi, ila ukiwa mwingi, na maji yanapungua bila kuvuja popote, shuku gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini.

Oili ya giaboksi: kama kuna kijiti cha kupimia, ivute na uidondoshe kwenye tishu nyeupe. Nyekundu au ya hudhurungi nyepesi ni sawa. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua maana yake sahani za klachi za ndani zimekwisha kupikwa. Ikiwa na rangi ya maziwa yenye waridi, ondoka hapo. Maji ya rejeta yamechanganyika na oili ya gia kupitia kipozeo kilicho ndani ya rejeta, na giaboksi hiyo haina maisha.

Usitegemee kilomita za dashibodi. Hata kama hazijarudishwa nyuma, haziwezi kukuambia saa ambazo gari limenguruma limesimama. Vani iliyokuwa ikisambaza bidhaa mjini, ikikwama Mombasa Road asubuhi na jioni, inaweza kuwa na kilomita 90,000 na injini iliyochoka kuliko ya vani iliyokwenda Eldoret na kurudi mpaka 200,000.

Jaribu gari mlimani. Kuzunguka mtaa wa yadi hakukuonyeshi kitu. Kama uko upande wa magharibi, panda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kijabe. Ukiwa na kasi ya wastani, kanyaga mafuta mpaka gia ishuke. Mizunguko ikipanda lakini gari lisiongeze mwendo, giaboksi inateleza. Ukihisi mtetemo kama wa kupita kwenye matuta madogo madogo ukiwa na kasi ya 60 au 70 na mguu mwepesi, tokikonveta, kiungo kati ya injini na giaboksi, inashindwa kujifunga vizuri. Wakati mwingine oili mpya huponya hilo. Mara nyingi haiponyi, kwa hiyo punguza bei kana kwamba haitapona.

Hatua ya tatu: pima uzito kabla seremala hajaanza

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hakuna fundi wa injini atakayekuokoa baadaye. Kwenye mlango wa nyuma wa vani nyingi za mizigo kutoka Japani kuna stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani na namba ikifuatiwa na "kg", mara nyingi kati ya 850 na 1,250. Huo ndio mzigo wa juu kabisa. Wauzaji huibandua kwa sababu wanaiona takataka. Ukiikuta, ipige picha.

Sasa hesabu. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 30 hivi, na mafundi wetu hupenda milimita 18 kila mahali kwa sababu "inakaa imara." Mashiti 10 ni kilo 300 kabla hujaweka hata kijiko. Lita 100 za maji ni kilo 100. Betri kubwa ya asidi ni kama kilo 30, hema la paani kilo 50 mpaka 70. Ongeza friji, mtungi wa gesi, watu wanne na mizigo yao. Umefika.

Mwambie seremala atumie milimita 18 chini ya kitanda tu, 9 au 12 kwenye makabati, na kuta zifunikwe kwa kitu chembamba zaidi. Jaza tangi la maji ukifika kambini ikiwa kuna maji huko. Kazi ikiisha, peleka gari, likiwa limejaa kama la safari, kwenye mizani ya kulipia ya Industrial Area, zile wanazopimia malori ya vyuma chakavu. Karatasi utakayopewa itunze pamoja na logibuku.

Kuna jambo jingine la kumwambia seremala, na umwambie kabla hajashika msumeno: viti vya mbele lazima viendelee kuinuka kabisa. Nimeona HiAce nzuri ya Lavington ambayo kabati la vyombo lilizuia kiti cha dereva kufunguka. Ili kupima oili ilibidi kufungua skrubu 6, kwa hiyo hakuna aliyepima. Halafu asitoboe sakafu bila kuingia chini kuangalia kwanza, maana chini kuna tangi la petroli na paipu za breki.

Ukiongeza au kuondoa viti, zungumza na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni yako ya bima mapema. Sitaingia zaidi hapo.

Hatua ya nne: mfumo wa kupoza, ambako vita vyote viko

Chukua hesabu hii ndogo. Kwenye mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Themostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, nyingi hufunguka karibu nyuzi 82, na injini yenye afya hufanya kazi kwenye 85 mpaka 95. Kwa maneno mengine, kama mfumo ungekuwa wazi, injini yako ingekuwa inachemka ikiwa salama kabisa. Kinachozuia ni kofia ya rejeta. Kofia iliyoandikwa 1.1 au 108 hushikilia shinikizo linalopandisha kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 119. Mpira wake ukichakaa, unapoteza nyuzi zote hizo 25 kwa sababu ya kitu cha bei ya chakula cha mchana. Badilisha kofia mara tu unaponunua gari, na usikubali yenye namba ndogo kuliko ile ya kiwandani kisa ndiyo iliyopo dukani.

Ukipeleka gari linalochemka kwa fundi wa mtaani, kuna uwezekano mkubwa utaambiwa: "Bosi, hii themostati tutoe tu. Huku si Ulaya." Mjibu kwa heshima, "Hapana fundi, weka mpya." Kuitoa kunaleta matatizo matatu. Injini inakaa baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli hiyo inaingia kwenye oili. Giaboksi otomatiki nyingi haziruhusu gia ya juu wala kufunga tokikonveta mpaka maji yafike joto fulani, kwa hiyo unaipika giaboksi huku ukidhani unaipoza injini. Tena kwenye injini nyingi za Toyota themostati ndiyo huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi ya awali, hasa mlimani.

Baada ya kofia na themostati, fanya haya kwa gari lolote ulilolinunua bila historia: suuza mfumo, jaza kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, badilisha mipira ya maji iliyolainika au kupasuka ukiiminya, na angalia pampu ya maji kama ina alama ya uvujaji uliokauka. Kama feni inazungushwa na belti kupitia klachi yake, zungusha mapanga kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Yakizunguka bure kama ya kinyago cha upepo, klachi imekufa. Rejeta ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, maana safari moja ya Magadi huijaza vumbi na panzi.

Kisha nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, kinachotuma data kwa simu. Mshale wa joto wa dashibodi hauaminiki. Kwenye magari mengi ya sasa umewekwa ubaki katikati kuanzia nyuzi 75 hivi mpaka 105, ili wateja wasibabaike. Mshale ukianza kupanda, wewe umechelewa. Simu itakuonyesha nyuzi halisi. Mpaka 95, endelea na hadithi zako. Ikipita 105, punguza mwendo na uzime AC. Ikikaribia 115, tafuta pa kusimama.

Hatua ya tano: giaboksi otomatiki

Tokikonveta ni chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwa kusukuma oili. Ikiwa haijajifunga, sehemu ya nguvu hugeuka joto ndani ya oili hiyo. Kwenye foleni ya Waiyaki Way joto ni dogo. Kwenye mlima, na uzito, na gia inayoyumba kati ya ya tatu na ya nne, joto ni kubwa ajabu. Kanuni wanayoitumia mafundi wa giaboksi ni kwamba oili ikipita nyuzi 80, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hukata umri wake nusu. Kwenye 80 mpaka 95 uko salama. Kwenye 110 anza kufikiria. Kwenye 120 simama.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni oili sahihi. Oili ya giaboksi otomatiki huitwa ATF: Toyota nyingi za miaka hii hutumia ATF WS, Nissan nyingi zenye gia za kawaida hutumia Matic S. Usimruhusu mtu akwambie "ATF ni ATF." Vitabu vingine husema oili ya gia ni ya maisha yote. Kwa vani tupu ya Japani pengine. Kwa kempavani inayopanda Mai Mahiu, imwage kila kilomita 40,000. Omba kumwaga na kujaza, usikubali mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu kwenye giaboksi ya zamani isiyojulikana, kwa sababu uchafu uliotulia huamshwa na kuziba vali. Kumwaga mara moja hutoa sehemu tu ya oili. Rudia baada ya kilomita elfu moja au mbili.

Fundi akishusha sufuria ya chini ya giaboksi, uwepo. Ndani kuna sumaku. Ikiwa imefunikwa na uji mwepesi wa kijivu, hiyo ni kawaida, ni unga wa chuma wa miaka. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, giaboksi inajila. Kupima kiasi baada ya kujaza ni kazi ya uangalifu: giaboksi zisizo na kijiti hupimwa kwa plagi ya pembeni, injini ikiwa imewashwa, gari likiwa sawasawa, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda. Fundi anayejaza "mpaka itoke" gari likiwa baridi juu ya jeki moja hajui anachofanya.

Dawa ya pili ni kipozeo cha nje cha oili ya gia. Hufungwa mbele ya rejeta, baada ya kile cha ndani, ili oili ipoe mara mbili. Nunua kipya. Vya mtumba vya Grogan vinaweza kuwa na vumbi la chuma la giaboksi iliyokufa, na utakuwa umenunua kifo cha mwenzako. Mipira iwe ya oili, si ya maji, na isikwaruze chuma popote. Kwa HiAce ya gia 4 iliyobeba nyumba, naona hiki ni cha lazima kuliko sola.

Dawa ya tatu ni mkono na mguu wako, nayo nitaifikia.

Hatua ya sita: mambo ya kawaida

Oili ya injini kila kilomita 5,000, ya 5W-30 au ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Zile nzito za 20W-50 ziachie magari ya zamani, kwani vali za VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vali kwa nguvu ya oili, zinahitaji oili inayopita kwenye vijia vyembamba upesi. Nunua kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala anayejulikana, maana oili bandia zipo na makopo yake yanafanana na ya kweli. Filta ya hewa ifunguliwe kila ukirudi kutoka barabara ya vumbi. Plagi zitoke kiwanda kinachotambulika, na zikaguliwe ukihisi injini inakosa silinda moja wakati wa kupanda. Kuendelea kuendesha na silinda inayokosa huunguza kibadilishi cha moshi, kile kinachosafisha moshi kwenye ekzosi, ambacho ni ghali.

Hatua ya saba: kuendesha

Kabla ya mlima, si katikati yake, zima ovadraivu (gia ya juu kabisa) au sogeza gia kwenye nafasi ya mkono. Chagua gia inayoweka injini kwenye mizunguko 3,000 mpaka 4,000 na uiache hapo. Giaboksi ikishikilia gia moja, tokikonveta hufunga, pampu ya maji na ya oili huzunguka kwa kasi, na joto hushuka. Mwendo wa 50 nyuma ya lori la saruji si aibu.

Mlima mgumu zaidi karibu na Nairobi, kwa maoni yangu, ni kurudi kutoka Magadi. Mai Mahiu ni mkali lakini kuna ubaridi. Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi, joto la mchana linakausha midomo, na kutoka pale mpaka Kona Baridi unapanda zaidi ya mita elfu moja ukipitia Olorgesailie bila upepo wa kukusaidia. Ondoka saa kumi na moja alfajiri au subiri jua lizame. Zima AC kabla ya mwinuko wa mwisho. Ukiona joto linapanda taratibu, washa hita ya ndani mpaka mwisho na fungua madirisha. Abiria watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili.

Kuteremka, tumia gia ile ile ambayo ungepandia. Petroli haina breki ya injini kali kama ya lori, lakini inatosha kuokoa padi zako.

Hatua ya nane: gari linapolala

Kempavani hukaa wiki nyingi bila kazi. Kuiwasha dakika tano kila Jumamosi na kuizima ni kuidhuru, kwa kuwa mvuke unaotengenezwa haupati joto la kuutoa kwenye oili na ekzosi. Ama uiendeshe nusu saa mpaka giaboksi nayo ipate moto, ama uiache na uchomoe betri. Acha tangi la petroli likiwa karibu limejaa ili unyevu usipate nafasi. Na kama unaishi Karen, Runda au popote penye miti, chunguza waya chini ya viti kabla ya kuwasha. Panya wanapenda pale pa joto, na waya mmoja wa sensa ukitafunwa unaweza kulifanya gari likatae kubadilisha gia ukadhani giaboksi imekufa.

Hatua ya tisa: ikichemka njiani

Tazama kwanza. Kama hakuna mvuke na maji hayajamwagika, egesha, weka gia kwenye N au P, iache injini ingurume polepole na hita ikiwa wazi. Mara nyingi joto litashuka lenyewe. Kama kuna mvuke, au simu inaonyesha zaidi ya 115 na bado inapanda, zima mara moja. Usifungue kofia ya rejeta. Subiri angalau nusu saa, mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe laini ukiuminya. Watu wema watakuja na mtungi wa maji baridi na ushauri mwingi. Washukuru, pokea mtungi, na usiumwage kwenye injini yenye moto, maana hedi ya alumini inaweza kupasuka au kupinda.

Kama ni giaboksi iliyopata joto, dalili ni gia kubadilika kwa kishindo au taa ya oili ya A/T kuwaka. Egesha, weka P, acha injini iwake ili oili iendelee kuzunguka kwenye kipozeo.

Ikibidi HiAce au Caravan ivutwe, mwambie mwenye bredauni kwamba ni otomatiki inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na umwombe lile la kubeba gari zima mgongoni. Akikuja na la kuinua, ainue nyuma, si mbele, usukani ukiwa umefunguliwa. Akikataa, fundi afungue propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, kwanza kabla gurudumu la nyuma halijazunguka hata mita mia moja.